Amlodipini: Kwa Nini Kidonge Kimoja kwa Siku, na Kwa Nini Kila Siku

Miongoni mwa dawa za shinikizo la juu la damu zinazotolewa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu, amlodipini ni mojawapo ya zile zinazofahamika zaidi. Ni kidonge kidogo, aghalabu cheupe, kinachomezwa mara moja kwa siku, kabla au baada ya chakula. Wepesi huo wa matumizi ndio uliokifanya kipendwe na wagonjwa pamoja na matabibu, na ndio pia unaowafanya wengi wakidharau. Mtumiaji hahisi mabadiliko yoyote siku ya kwanza wala ya pili, kisha huanza kujiamulia: leo viwili kwa kuwa kichwa kinagonga, kesho hapana kwa kuwa mwili ni mwepesi.

Katika makala haya tunaeleza dozi ya amlodipini: inaanzia wapi, inaishia wapi, na mtumiaji afanye nini anapoisahau, anapoizidisha au anapoona haifanyi kazi. Tutakaa zaidi juu ya jambo moja ambalo karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti hulitaja kwa ufupi mno, nalo ni kwamba dawa hii huenda polepole. Hupanda mwilini polepole na hushuka polepole. Anayelielewa hilo huelewa karibu kila agizo analopewa dirishani. Maelezo yetu hayachukui nafasi ya maagizo ya tabibu anayekufahamu; yanakusudiwa kukuwezesha kuyafuata maagizo hayo kwa kujua sababu zake.

Mtungi unaovuja

Kuta za mishipa ya damu zina misuli laini. Misuli hiyo hukaza pale madini ya kalisi yanapoingia ndani ya seli zake. Amlodipini huzuia sehemu ya uingiaji huo, mishipa hulegea na kupanuka, na damu hupita bila moyo kulazimika kuisukuma kwa nguvu nyingi.

Kazi hiyo haianzi mara tu kidonge kinapopita kooni. Kiasi cha dawa katika damu hufikia kilele baada ya saa 6 hadi 12. Kwa hiyo anayemeza kidonge saa moja asubuhi na kupima shinikizo saa mbili asubuhi hajapima kazi ya kidonge kile. Amepima kazi ya vidonge vya siku zilizotangulia, kama alivimeza. Kisha dawa hudumu. Huchukua saa 30 hadi 50 kwa mwili kutoa nusu ya kiasi kilichomo, na kwa wazee na watu wenye ini dhaifu muda huo huwa mrefu zaidi. Maana yake ni kwamba unapomeza kidonge cha leo, sehemu ya kidonge cha jana na hata cha juzi ingali imo mwilini.

Mfano wake ni mtungi unaovuja kidogo chini, unaoongezwa kata moja ya maji kila asubuhi. Siku za mwanzo maji hupanda, kwa kuwa kinachoingia ni kingi kuliko kinachovuja. Kadiri maji yanavyopanda ndivyo yanavyovuja kwa kasi, mpaka siku moja kinachovuja kwa siku kinalingana na kata inayoongezwa, na maji husimama palepale. Kwa amlodipini, mtungi huchukua takribani siku 7 hadi 8 za kumeza bila kuruka ndipo usimame. Kabla ya hapo, hakuna awezaye kusema kwa haki kwamba dozi ni ndogo au kubwa.

Dozi ya kuanzia na dozi ya mwisho

Kwa mtu mzima, dozi ya kawaida ya kuanzia ni miligramu 5 mara moja kwa siku. Dozi ya juu kabisa ni miligramu 10 mara moja kwa siku, na hakuna faida inayotazamiwa kwa kuivuka. Mtu mwenye umri mkubwa, mwenye umbo dogo au aliyedhoofika, mwenye ugonjwa wa ini, au anayeongezewa amlodipini juu ya dawa nyingine za shinikizo, mara nyingi huanzishiwa miligramu 2.5. Watoto wa miaka 6 hadi 17 wanaohitaji dawa hii hupewa miligramu 2.5 hadi 5 kwa siku, chini ya uangalizi wa daktari.

Wenye ugonjwa wa figo hutuuliza mara kwa mara kama nao wapunguziwe. Amlodipini huvunjwavunjwa na ini, si figo. Kwa sababu hiyo figo dhaifu pekee si sababu ya kupunguza dozi yake. Ni tofauti na dawa nyingine kadhaa, na ndiyo maana jibu la dawa moja halihamishiki kwa nyingine.

Tabibu akiona haja ya kupandisha dozi, kwa kawaida husubiri siku 7 hadi 14 angalau. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza mgonjwa aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa aonwe kila mwezi mpaka shinikizo lifikie lengo, kisha kila miezi 3 hadi 6. Lengo kwa walio wengi ni chini ya 140/90. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au ugonjwa sugu wa figo, namba ya juu hutakiwa ishuke chini ya 130.

Anayejiongezea

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wauzaji wa dawa wataufahamu. Mzee wa miaka 68 ameanza amlodipini ya miligramu 5 siku ya Jumatatu. Jumatano anapimwa kwa mashine ya jirani, naye anaona 165/98. Anahitimisha kwamba dawa haimfai, au kwamba ni ya bandia, au kwamba daktari amembania. Jumatano hiyohiyo anameza kidonge cha pili. Alhamisi viwili, Ijumaa viwili, Jumamosi viwili. Hajisikii vibaya, hivyo anaamini amepata dawa.

Namba ya Jumatano haikumwambia kwamba dozi ni ndogo. Ilimwambia kwamba mtungi haujajaa. Tangu Jumatano anamimina kata mbili badala ya moja, na maji yanaendelea kupanda hadi wiki inayofuata, wakati yeye anadhani yaliyokuwa yatokee yameshatokea. Madhara ya uamuzi wa Jumatano huenda yakadhihirika Jumapili au Jumatatu: anaamka usiku kwenda msalani, anasimama ghafla, kizunguzungu kinamchukua, anaanguka. Mtu wa umri huo akivunjika nyonga, ugonjwa uliompeleka hospitali si ule tena wa shinikizo. Na hata akitambua kosa Jumatatu asubuhi, vidonge alivyokwisha kumeza havirudi. Itampasa asubiri siku kadhaa kiasi kishuke.

Mazungumzo yanayofaa kwenye dirisha la dawa huwa mafupi.

“Mwanangu, niongezee ya presha. Hii haijanishika.”

“Shikamoo, bibi. Umeianza lini?”

“Marahaba. Juzi.”

“Basi bado inapanda, bibi. Endelea na kimoja kila siku, usiongeze. Njoo wiki ijayo nikupime, nikuandikie namba zako umpelekee daktari.”

Hatulaumu hofu ya anayeona namba kubwa. Namba hizo zinatisha, na zinastahili kutisha. Ila kipo cha kufanya kisichohitaji kidonge. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikikanyaga sakafu, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu. Nyamaza dakika 5. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Pima, subiri dakika moja au mbili, pima tena, na uandike namba zote pamoja na saa. Namba nyingi za kutisha hupungua kwa mapumziko hayo peke yake, hasa kwa mtu aliyepimwa mara tu baada ya kupanda kilima au kugombana na kondakta.

Zikibaki juu ya lengo lakini huna dalili yoyote, peleka daftari lako kwenye kituo cha afya ndani ya siku chache, ukiendelea na dozi uliyoandikiwa. Zikifika 180/120 au zaidi, onana na tabibu siku hiyohiyo. Na kama namba hizo zimeambatana na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, uso kupinda upande, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kutotamkika, macho kutoona vizuri au kuchanganyikiwa, nenda hospitali saa hiyo. Kidonge cha ziada cha amlodipini hakiwezi kuokoa hali hiyo, kwa kuwa kilele chake kiko saa nyingi mbele.

Hapa tuseme neno juu ya nifedipini, iliyo ndugu wa amlodipini. Zamani palikuwa na desturi ya kutoboa kifuko cha nifedipini ya kazi ya haraka na kuikamulia mdomoni ili shinikizo lishuke upesi. Desturi hiyo iliachwa kwa sababu anguko la ghafla la shinikizo lilisababisha viharusi na mshtuko wa moyo. Anayekushauri uifanye leo anakupa ushauri uliopitwa na wakati, hata kama anautoa kwa huruma.

Kwa nini tabibu huongeza dawa ya pili

Wagonjwa wengine hushangaa wanapoambiwa waendelee na miligramu 5 na waongeze dawa nyingine, ilhali kidonge cha miligramu 10 kipo. Sababu inaonekana katika madhara. Katika majaribio ya awali ya amlodipini, kuvimba miguu kuliripotiwa kwa takribani watu 3 katika kila 100 waliotumia miligramu 5, na takribani 11 katika kila 100 waliotumia miligramu 10. Miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa hakufika hata mtu mmoja katika 100. Dozi iliongezeka maradufu, miguu ikavimba zaidi ya mara tatu. Dawa mbili kwa dozi za wastani, kila moja ikishika njia yake, mara nyingi hushusha shinikizo vizuri kuliko dawa moja iliyosukumwa hadi mwisho.

Utafiti ulioitwa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wagonjwa 728 kutoka nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Msumbiji. Ulilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi zilizokuwa na amlodipini ndani yake, ama pamoja na hidroklorothiazidi ama pamoja na perindoprili, zilishusha shinikizo zaidi kuliko jozi isiyokuwa nayo. Kwa hiyo ukiandikiwa dawa mbili, usidhani ugonjwa wako umekuwa mbaya kupita kiasi.

Anayeruka siku

Kosa la upande wa pili ni la kimya zaidi, nasi twaliona kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa halimwangushi mtu msalani. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili. Aliyelitibu vizuri hujisikia sawa na ambaye hajalitibu, mpaka siku ya kiharusi. Ndiyo maana “nikijisikia vibaya nitameza” si kanuni ya dawa hii. Maumivu ya kichwa si kipimo cha shinikizo. Wapo wenye 190 wasioumwa kichwa, na wapo wanaoumwa kichwa kwa njaa au jua.

Wengine huruka kwa hesabu: ikiwa dawa hukaa mwilini muda mrefu hivyo, si nimeze siku moja na kuacha moja, vidonge 30 vinitoshe miezi miwili? Hoja ina akili, lakini mtungi unaikataa. Katika saa 48 kiasi cha dawa huweza kushuka kwa nusu au zaidi, na wastani wake wa siku zote hubaki nusu ya kile ulichoandikiwa. Unayemeza miligramu 5 siku moja na kuacha moja, kwa hakika unatumia dozi ya 2.5, nawe umejipunguzia bila kipimo. Likiwa tatizo ni fedha, lisemwe waziwazi kwa tabibu au mfamasia. Amlodipini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hutengenezwa na viwanda vingi, na bei zake hutofautiana sana kati ya jina moja la kibiashara na jingine ilhali dawa ni ileile. Pia mfamasia akithibitisha kwamba kidonge cha miligramu 10 ulichopewa kina mstari wa kukigawa, nusu yake ni miligramu 5. Kata kwa kifaa cha kukatia vidonge, na nusu iliyobaki imezwe kesho yake, isiachwe juani.

Aliyesahau kwa siku moja asihangaike. Ukikumbuka ndani ya saa 12 tangu saa yako ya kawaida, meza. Zikipita 12, acha kidonge hicho, meza cha kesho kwa saa yake. Usimeze viwili kufidia. Kwa kuwa dawa hushuka taratibu, siku moja iliyokosekana haikuachi mtupu. Siku nne au tano mfululizo ndizo zinazoumaliza mtungi, na ukishaumaliza, itakubidi uujaze tena kwa wiki nzima.

Siku ya kliniki ni siku ya kumeza kama kawaida. Wapo wanaoacha kidonge asubuhi kwa sababu wameambiwa wafike bila kula kwa ajili ya kipimo cha damu. Kidonge kimoja na maji kidogo havizuii kipimo hicho, isipokuwa umeelekezwa vingine. Na aliyeacha dawa kwa siku tatu asimfiche tabibu, maana tabibu ataona namba kubwa, ataamini dozi haitoshi, ataipandisha, na mgonjwa ataanza kumeza kwa uaminifu dozi ambayo hakuihitaji.

Asubuhi, jioni, na mwezi wa Ramadhani

Je, imezwe asubuhi au usiku? Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia zaidi ya watu 21,000 wanaotumia dawa za shinikizo, haukuona tofauti ya viharusi, mshtuko wa moyo wala vifo kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Chagua saa utakayoikumbuka, uishike: ya kupiga mswaki, ya chai, ya taarifa ya habari. Kwa Waislamu wanaofunga, anayemeza asubuhi hana kubwa la kubadilisha, kwa kuwa daku iko karibu na saa yake. Anayemeza jioni atameza baada ya kufuturu. Anayetumia pia dawa ya kukojosha aonane na tabibu kabla ya mwezi kuandama, kwani hiyo ndiyo inayohitaji kupangwa upya.

Soma jina, si rangi

Kidonge cheupe cha mwezi huu huenda kisiwe kidonge cheupe cha mwezi uliopita. Kwenye pakiti tafuta jina la dawa yenyewe, ambalo huandikwa Amlodipine, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara, pamoja na namba ya miligramu. Baadhi ya pakiti hutaja amlodipini besilati ya miligramu 6.9 hivi, kisha huongeza kwamba ni sawa na amlodipini ya miligramu 5. Hiyo si dozi kubwa zaidi. Ni uzito wa chumvi inayobeba dawa. Dozi yako ni ile 5.

Hatari tunayotaka uikague leo, kabla hujaufunga mfuko wako wa dawa, ni ya kumeza amlodipini mara mbili bila kujua. Siku hizi vipo vidonge vya mchanganyiko: amlodipini pamoja na losartani, na valsartani, na telmisartani, na vinginevyo. Huandikwa namba mbili, kwa mfano 5/50 au 5/80. Mgonjwa aliyekuwa akitumia amlodipini peke yake hubadilishiwa mchanganyiko, anarudi nyumbani, anaanza kidonge kipya, na anaendelea na cha zamani kwa sababu “kimebaki kingi”. Akiwa alitumia 10 na mchanganyiko una 5, sasa anameza 15. Ukipewa dawa mpya ya shinikizo, uliza neno kwa neno: “Hii ni badala ya ile, au ni nyongeza?” Kisha omba jibu liandikwe kwenye daftari.

Miguu inapovimba

Uvimbe wa vifundo unaoletwa na amlodipini hutokea kwa miguu yote miwili, huongezeka jioni na kupungua asubuhi. Mishipa midogo ya ateri imepanuka, maji yamepenya kwenda kwenye nyama. Si maji yaliyozidi mwilini, na kwa hiyo dawa za kukojosha haziyaondoi ipasavyo. Hata hivyo tunasikia tena na tena habari za mtu aliyevimba, akanunua dawa ya kukojosha kwa ushauri wa shoga yake, akapoteza chumvi ya potasi, akaanza kukakamaa misuli, akanunua dawa ya misuli. Tiba sahihi ni kurudi kwa tabibu, ambaye ataweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa ya kundi la losartani au enalaprili, ambayo hupunguza uvimbe wa aina hii.

Kuumwa kichwa, uso kuona joto, na moyo kwenda mbio huweza kutokea siku za mwanzo na aghalabu hupungua zenyewe. Fizi kuvimba hutokea kwa nadra. Lakini mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, au uvimbe ukiwa na kukosa pumzi, au midomo na uso vikivimba ghafla, hayo si ya kusubiri.

Dawa nyingine zilizomo nyumbani

Yapo magonjwa ambayo tiba yake hubadilisha dozi ya amlodipini bila mtu kugusa kidonge. Rifampisini ya kifua kikuu hulihimiza ini kuivunja amlodipini kwa kasi, na shinikizo lililokuwa limetulia huanza kupanda. Likipandishiwa dozi, ni lazima lipimwe tena matibabu ya kifua kikuu yanapomalizika, kwani mtungi utaacha kuvuja kwa kasi ile. Kinyume chake, klarithromisini, erithromisini, baadhi ya dawa za fangasi kama itrakonazoli, na ritonaviri iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU, huzuia uvunjaji huo, na kiasi huongezeka. Balungi nalo huweza kufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Chungwa la kawaida halimo katika tahadhari hii. Anayetumia simvastatini kwa ajili ya mafuta katika damu asizidishe miligramu 20 kwa siku akiwa kwenye amlodipini.

Na dawa za maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni, zinazouzwa kama njugu, hupandisha shinikizo zenyewe zinapotumiwa mfululizo. Kabla hujasema amlodipini imeshindwa, hesabu vidonge vya mgongo ulivyomeza wiki hii.

Mwanamke aliyeshika mimba au anayekusudia kushika mimba aeleze mapema ili tabibu achague dawa ifaayo. Asiache dawa kimyakimya.

Kidonge kikizidi, au mtoto akimeza

Aliyemeza kidonge kimoja cha ziada kwa kusahau, kwa kawaida atahitaji kupumzika, kuinuka taratibu, kupima shinikizo, na kumpigia simu mfamasia au tabibu. Kidonge kinachofuata akimeze kwa saa ya kesho. Aliyemeza vingi, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, ni mgonjwa wa dharura hata akiwa anazungumza na kucheka. Shinikizo huweza kushuka mno na kubaki chini kwa muda mrefu, na maji huweza kujaa mapafuni siku moja au mbili baadaye.

Kwa mtoto mdogo, hata kidonge kimoja au viwili ni jambo la hospitali. Asitapishwe, wala asipewe maziwa kwa kuamini kwamba huua sumu, na asisubiriwe alegee ndipo apelekwe. Anayempeleka achukue pakiti yenyewe pamoja na vidonge vilivyobaki, ili daktari ahesabu ni vingapi havipo na kila kimoja kilikuwa na miligramu ngapi, na aeleze ni saa ngapi tangu vimezwe.